Futi ya Baba

Ninayo bado, kwenye droo ya vijiko,
futi ya mbao ya baba, ya kukunja mara sita.
Tarakimu ya saba imefutika
pale dole gumba lake lilipozoea kukaa.

Kwa futi hii Lemuel Gaskins, seremala wa Virginia,
aliipima shule yetu Jumapili moja ya Februari,
wakili kutoka Richmond akiandika,
mimi, Odessa, miaka tisa, nikishika ncha.

Darasa: futi kumi na nane kwa ishirini.
Watoto hamsini na wanne.
Madirisha mawili, moja la kadibodi.
Kuta ni karatasi ya lami, na upepo una ufunguo wake.
Jiko la kuni moja: aliye karibu huungua,
aliye mbali huandika amevaa glovu.
Choo, hatua sitini ndani ya matope.
"Andika na matope," baba akasema.

"Na shule ya wazungu? Hawatakuruhusu kuingia."
Baba akacheka puani.
"Sakafu ya ukumbi wao wa michezo
niliitandaza mimi, ubao kwa ubao, mwaloni mtupu,
usiku, watoto wao wakiwa wamelala.
Futi arobaini kwa themanini.
Hayo si makisio. Yaulize magoti yangu."

Mahakamani, wakili wa kaunti, tai ya hariri, ulimi wa asali,
akamwita kwa jina la kwanza, kama aitwavyo mtoto:
"Lemuel, umesoma hadi darasa la ngapi?"
"La nne."
"Basi wajua nini kuhusu elimu?"
"Elimu, kidogo. Sawa ndiyo niijuayo.
Sheria yenu yasema tutengwe, ila tuwe sawa."
Akatoa pimamaji mfukoni,
akailaza juu ya ukingo wa kizimba.
Kiputo kikakimbilia kushoto.
"Hata hapa," akasema, "pamepinda."
Watu wetu kule roshanini wakakohoa wasije wakacheka.
Hakimu akaamuru kifaa kiondolewe.

Tulishindwa.
Ijumaa ileile mwenye ghala la mbao alidai deni lake lote.
Kazi zikakauka, nyumba baada ya nyumba:
mlango uliokwisha lipiwa arubuni, ngazi, kabati la mke wa daktari.
Mtu alimwaga sukari kwenye tangi la gari letu.
Mama, Verlene, aliihesabu sukari ile kwa sauti,
vikombe na bei yake,
maana sisi wakati huo tulikunywa chai kavu.

Rufaa ikapanda treni kwenda Washington,
ikafungwa kifurushi kimoja na kesi za watu tusiowajua,
akina baba wengine, futi nyingine.
Miaka ikapita. Nilirefuka inchi saba;
alama ziko kwenye fremu ya mlango wa jikoni.

Redio ilipotangaza, Mei, baba alikuwa akipiga randa.
Hakurusha kofia. Alipuliza maranda,
akapitisha kiganja juu ya ubao,
akasema, "Sawa."
Neno moja. Mpaka leo sijui alisema ipi:
ile ya kukubali habari,
ile ya haki,
au ubao ulikuwa umelainika.

Kisha kaunti ikafanya hesabu zake.
Kuliko kukaa nasi dawati moja,
ikafunga shule zote, zetu na zao,
wao wakafunguliwa madarasa makanisani
kwa fedha zilizopatikana haraka ajabu.
Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja.
Niliumalizia katika kiwanda cha tumbaku, nikichambua majani,
na sikuumaliza.

Asubuhi ya kwanza ya kufungwa, baba alinichukua
tukaenda hadi lango la shule ya matofali.
Akakunjua futi. Nikashika ncha,
mtu mzima sasa, nikiwa na aibu ya kuonekana.
Akaupima mnyororo, pingili kwa pingili,
akaandika kwa penseli nyuma ya bahasha:
futi nne na nusu.
"Wa nini?" nikamuuliza.
"Wataulizwa," akasema,
akaikunja futi, mara sita, bila kuitazama.